Livingstone na kipande cha mto alichokiruka: safari ya Zambezi 1858–1864

#1 Mwananyasa

Wakuu, habari za jioni.

Shuleni Livingstone alikuwa mistari mitatu: mmisionari, mpelelezi, alikutana na Stanley Ujiji mwaka 1871. Mwalimu akafuta ubao tukahamia kwa Karl Peters. Hakuna aliyetuambia kwamba kati ya 1858 na 1864 mzee huyo aliongoza msafara uliolipiwa na serikali ya Uingereza, msafara ukaenda kombo kila upande, mpaka serikali ikamwandikia barua arudi kwao. Mimi nimekulia Mbamba Bay, kando ya ziwa lile lile alilolifikia Septemba 1859, na hata sisi hatukuambiwa.

Nimeisoma habari hii kwa miezi kadhaa sasa, na kila nikisoma narudi mahali pale pale. Homa iliwaua wengi, kweli. Wareno walimchelewesha, kweli. Lakini msafara ulikuwa umeshakufa kabla haujaondoka Liverpool. Uliuawa na siku chache za mwaka 1856 ambazo msafiri aliamua kukata kona.

Iko hivi. Safari yake ya kwanza kubwa, 1853 hadi 1856, ilianzia Linyanti kwa chifu Sekeletu wa Wakololo. Alikwenda magharibi mpaka Luanda, akarudi, kisha akaufuata Zambezi kuelekea mashariki akiwa na watu na pembe za ndovu alizopewa na Sekeletu. Novemba 1855 akayaona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya akayabandika jina la malkia wake. Mpaka hapo sawa. Alipopita Zumbo, mto unapinda. Yeye akauacha, akakatiza nchi kavu moja kwa moja hadi Tete, akafika Machi 1856 akiwa hoi kwa njaa. Kile kipande cha mto alichokiacha hakukiona kwa macho. Aliuliza tu, akaambiwa kuna maporomoko madogo. Akaandika hivyo hivyo: madogo.

Kipande hicho kinaitwa Kebrabasa. Likumbukeni jina hilo.

Alipofika London alipokelewa kama bwana harusi. Kitabu chake cha 1857 kiliuza nakala 70,000. Desemba mwaka huo akahutubia Cambridge, akawataka vijana waje Afrika kufungua njia ya biashara na Ukristo. Zambezi akauita barabara ya Mungu: meli ingeingia kutoka baharini, ipande mpaka nyanda za juu za Batoka, huko ilimwe pamba, viwanda vya Lancashire viache kununua pamba ya watumwa wa Marekani. Serikali ikampa pauni 5,000 na cheo cha konsuli. Katika ukumbi mzima hakutokea fundi hata mmoja wa kumuuliza: mzee, hicho kipande umekipima?

Meli ndogo ya mvuke aliyoletewa iliitwa Ma Robert. Ni jina la mkewe. Kule kusini alikofanya kazi mwanamke huitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama kwetu, Mama Robert. Sasa angalieni: Mama Robert mwenyewe, Mary, alianza safari pamoja nao Machi 1858 ndani ya meli Pearl, njiani ikagundulika ni mjamzito, akaachwa Cape Town. Wenzake wakaendelea na Mama Robert wa chuma.

Na huyo wa chuma alikuwa balaa. Mabati yake ya chuma (steel) yalikuwa na unene wa inchi moja gawanya kwa kumi na sita. Tanuri lilikula kuni kama sherehe ya kijiji, siku nzima nzima ziliishia kwenye kukata magogo tu. Mashine ilikohoa hivi kwamba wakaibatiza Mgonjwa wa Pumu. Livingstone mwenyewe anasimulia mitumbwi iliyosheheni mizigo ikiwapita, nao nyuma wakihema bila kuikamata. Mabati yakaanza kutoboka. Wakaziba, yakatoboka kwingine. Mwishoni mwa 1860 vyumba vitatu vilijaa maji usiku mmoja, na baharia wao Rowe alikuwa na jibu moja la kuwatuliza: bwana, haiwezi kuwa mbovu kuliko ilivyo sasa. Tarehe 21 Desemba 1860 ikapwelewa kwenye fungu la mchanga, ikajaa maji, wakaiacha hapo.

Lakini nimeruka mbele. Kebrabasa waliiona Novemba 1858. Nawarudisha huko kwenye posti inayofuata, naenda kula kwanza.

#2 Kijiwe cha Juu

Naweka kambi hapa. Mkuu usitukimbie kama ulivyotukimbia kwenye ule uzi wa Vita vya Majimaji.

#3 Fundi Boila

Mimi nimefanya kazi ya kuchomelea vyombo vya majini miaka kumi na saba. Inchi moja ya kumi na sita ni kama milimita moja na nusu. Hilo ni bati la kutengenezea pipa, si la kupigana na mchanga wa mto. Chombo kinachokwaruza chini kila siku, rangi inatoka, kutu inaingia, na ukiziba tundu bati la jirani linachanika kwa sababu nalo limekwisha. Aliyemuuzia alijua anachouza? Na kuni mbichi za mtoni hazipandishi mvuke, zinatoa moshi na maji. Hapo hata mimi ningekohoa.

#4 Mwananyasa

Fundi, asante. Sifa ya meli ile ilikuwa wepesi: nyepesi, inaelea kwenye maji haba, na chuma cha aina hiyo kilikuwa kitu kipya. Mjaribiwa akawa Livingstone.

Haya, Kebrabasa. Meli ilifika kwenye mdomo wa bonde ikakuta maji yanatoka kwa kasi kati ya kuta za mawe, ikashindwa. Wakarudi tena, safari hii Livingstone na John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea, wakaenda kwa miguu na Wakololo wachache. Mawe yalikuwa meusi, makubwa kama nyumba, na jua la mwisho wa mwaka limeyachoma mpaka huwezi kuuacha mkono juu yake. Wazungu walikuwa na viatu. Wakololo walitembea peku, nyayo zikavimba malengelenge. Walipogoma kuendelea walimwambia kwamba siku zote walidhani ana moyo, sasa wamejua hana. Maneno hayo kayaandika yeye mwenyewe kwenye kitabu, wala hakuyaficha. Kwa hilo nampa maksi.

Akayaona maporomoko kwa macho. Kwenye daftari lake la siri alikiri kwamba Kebrabasa ni kitu ambacho hakukitarajia kabisa. Halafu akakaa chini akaiandikia London kwamba meli yenye nguvu zaidi ingeweza kupanda wakati wa mafuriko, hivyo waitume.

Mimi hapo ndipo ninapomshika. Kukata kona 1856 ni ubinadamu, mtu ana njaa, anataka kufika. Barua ile ya baada ya kuona ni jambo jingine. Alikuwa na taifa zima mgongoni linasubiri pamba. Angesema nini? Kwamba hotuba ya Cambridge ilijengwa juu ya siku chache ambazo hakuwepo?

Basi akageukia mito mingine, kama mtu aliyepoteza funguo anayejaribu kila mlango wa mtaa. Akapanda Shire, akakutana na maporomoko mengine, haya akayapa jina la Murchison, mwenyekiti wa jamii ya wanajiografia London. Kwa miguu akafika Ziwa Chilwa Aprili 1859, na Septemba Ziwa Nyasa. Kama kuna faida iliyopatikana ni hiyo.

Wakati huohuo alikuwa anawamaliza watu wake. Bedingfeld, ofisa wa jeshi la majini, aligombana naye na kuondoka mwaka wa kwanza tu. Mwaka 1859 akafukuzwa mchoraji Thomas Baines, kwa tuhuma za kugawa vitu vya stoo, sukari ikiwemo, na hakupewa nafasi ya kujitetea mbele ya yeyote. Akafukuzwa pia Richard Thornton, kijana wa miamba, umri miaka ishirini na kitu, eti mvivu. Huyo mvivu, mwaka 1861, akaonekana Kilimanjaro na Baron von der Decken, wakijaribu kupanda mlima na kuupima! Baadaye alirudi Zambezi, akatembea hadi Tete kuwatafutia wamisionari mbuzi na kondoo, safari hiyo ikammaliza. Alikufa Aprili 1863, miaka 25. Katika fitina hizi nyingi jina moja linajirudia: Charles Livingstone, mdogo wake Daktari (yaani Livingstone mwenyewe), aliyechukuliwa kama msimamizi wa maadili. Msafara wenye ndugu wa bosi ndani yake, nyote mliofanya kazi ofisini mnajua unavyokuwa.

#5 Tandu la Lami

Dereva wa lori hapa, nimeshapita Tete zaidi ya mara arobaini. Joto la pale si mchezo, Novemba ukifungua mlango wa gari unahisi mtu kafungua tanuri la mkate. Nikisoma habari ya wale jamaa peku juu ya mawe, nyayo zinaniuma hapa nilipokaa. Hao Wakololo walitokea wapi mpaka wakawa Tete?

#6 Mwananyasa

Swali zuri, na hawa ndio waliostahili uzi wao.

Ni wale aliokuja nao kutoka kwa Sekeletu mwaka 1856. Wengi hawakuwa Wakololo kwa kabila, walikuwa Walozi, Watonga na wengine waliokuwa chini ya Sekeletu. Aliwaacha Tete, zaidi ya 100, akiahidi kurudi. Aliporudi 1858 walimkimbilia mtoni kwa furaha. Kisha wakampa hesabu: thelathini wamekufa kwa ndui, sita wameuawa. Aliwarudisha kwao 1860 kwa miguu, ingawa wengi walikwishaoa Tete hawakutaka kwenda. Kufika huko, Sekeletu mgonjwa, ngozi imeharibika, na familia ya mmisionari Helmore, iliyokwenda Linyanti kwa sababu ya sifa za Livingstone, karibu yote imefukiwa: Helmore, mkewe na watoto wao wawili, mwaka huo huo, wakasalimika watoto wawili tu. Livingstone hakuwepo kuwapokea.

Kundi jingine la Wakololo likabaki bonde la Shire, na bunduki. Wakageuka machifu. Ukienda Chikwawa, Malawi, utakuta ukoo wao mpaka leo.

#7 Mtu wa Masasi

Mleta mada umeisahau Ruvuma yetu. Alikuja nayo.

#8 Mwananyasa

Sijaisahau kaka, ndiyo naifikia.

Mwaka 1861 ikaja meli ya pili, Pioneer. Ilitakiwa iende kwenye maji ya futi tatu, ikahitaji kama tano. Ikiwa na Askofu Charles Mackenzie na wamisionari wa vyuo vikuu, waliokuja kwa sababu ya ile hotuba ya Cambridge, wakajaribu Ruvuma kwanza. Mto wa kupakana na Msumbiji, hauna Mreno mdomoni, kwa hiyo mpango ulikuwa waingie Nyasa kwa mlango wa nyuma. Maji yakapungua wakarudi. Septemba 1862 akarudi tena kwa mashua. Septemba! Mtu wa Masasi utatuambia Ruvuma inakuwaje Septemba. Walizivuta mashua juu ya mchanga, wakashambuliwa kwa mishale na bunduki, yeye akazidi kusonga mbele mpaka mawe yakamzuia. Ni hapo Kirk, mtu mpole na mvumilivu kuliko wote, aliandika kwenye shajara yake kwamba haoni maelezo mengine isipokuwa Daktari amerukwa na akili.

#9 Mtu wa Masasi

Septemba sehemu nyingine mtoto anavuka anacheza. Viboko ndio wanaobaki na vidimbwi. Angemuuliza Mmakonde yeyote.

#10 Mwananyasa

Kuuliza ndiko kulikomshinda tangu 1856, au tuseme aliuliza akachukua jibu alilolipenda.

Sasa Shire. Pioneer ilipwelewa mara nyingi kuliko ilivyoelea. Julai 1861 walikutana na msafara wa watumwa, wakawafungua watu 84, askofu akaanzisha kituo Magomero akiwa nao. Miongoni mwao kijana mmoja Myao, Chuma. Ndiyo, ni yule yule Chuma atakayeubeba mwili wa Livingstone mpaka Bagamoyo miaka kumi na miwili baadaye.

Januari 1862 askofu alishuka mto kwa mtumbwi kwenda kumpokea dada yake. Usiku mtumbwi ukajaa maji, dawa zikazama, kwinini ikiwemo. Akangoja kwenye makutano ya Ruo na Shire, akipandwa na homa, bila kidonge. Akafa tarehe 31. Mwenzake Burrup akafuata Februari. Dada yake askofu na mke wa Burrup walikuwa wameshafika pwani, wako njiani kuja, hawajui lolote.

Na kwenye meli hiyo iliyowaleta alikuwemo Mama Robert. Mary alikuwa amejifungua, amerudi Uskoti, amekaa miaka, sasa amekuja kwa mume. Walikaa pamoja miezi mitatu. Tarehe 27 Aprili 1862 akafa kwa homa Shupanga, kando ya Zambezi, akazikwa chini ya mbuyu.

1863 ukame ukaja juu ya vita vya kukamata watumwa. Bonde la Shire lililokuwa limejaa vijiji likawa kimya. Maiti zilielea mtoni, na kila asubuhi mabaharia wa Pioneer walianza kazi kwa kuzitoa kwenye magurudumu ya kupigia maji. Livingstone aligundua jambo lililomuuma kuliko yote: wafanyabiashara wa watumwa walikuwa wanaifuata njia yake, wakifika kijijini wanasema wao ni watoto wa Livingstone, wanapokelewa. Barabara ya Mungu ilikuwa imepata wateja.

Kuna tukio moja dogo linalonishika kuliko vifo vyote hivyo. James Stewart, kijana wa kanisa la Uskoti, alikisoma kile kitabu cha 1857 kwa shauku akaja kutafuta mahali pa kujenga misheni. Alikaa mwaka mzima akiilinganisha nchi aliyoisoma na nchi aliyoiona. Februari 1863 alishuka ukingoni, akakishika kitabu, akakitupa kwa nguvu zake zote ndani ya Zambezi yenye tope na magugu.

#11 Pilipili Kichaa

Samahani wakuu, mnamlilia nani? Huyu alikuwa wakala wa ukoloni, darasa la saba tulijibu swali hilo tukapata tiki. Kashindwa, vizuri. Angefaulu si tungekuwa tumelima pamba ya Lancashire mapema zaidi?

#12 Mwananyasa

Pilipili, simlilii. Nikilia ni kwa wale thelathini na sita wa Tete. Nilichotaka kuonyesha ni kwamba vitabu vyetu vinamweka wakala kama mtu mwenye ramani mkononi anayejua anakokwenda. Huyu hakujua. Wangapi walikufa kwa sababu hakujua, hilo halipo kwenye jibu lenye tiki.

Na kuhusu mwanzo wa ukoloni: Stewart aliyetupa kitabu, miaka kumi na kitu baadaye ndiye aliyesimamia kuanzishwa kwa misheni ya Livingstonia kwenye Ziwa Nyasa, na 1891 alikuwa Kibwezi, Kenya, akianzisha nyingine.

#13 Bi Mkunazini

Wanangu nimewasoma kimya kimya, niongeze la kwetu Unguja. Baada ya Mackenzie alikuja Askofu Tozer mwaka 1863. Aliiangalia Shire, akaona huku ni makaburini, akahamishia misheni yote Zanzibar mwaka 1864. Pamoja naye alikuwa Edward Steere. Steere akakaa na watu wa mjini akijifunza lugha yetu, kitabu chake cha sarufi kikatoka 1870, akatafsiri, akapiga chapa, na baadaye akalijenga kanisa la Mkunazini pale pale palipokuwa soko la watumwa. Kiswahili cha kuandikwa kwa herufi za Kirumi kina deni kubwa kwake, upende usipende.

Na Kirk mnayemsema alirudi huku 1866 kama daktari wa ubalozi, akapanda mpaka konsuli, ndiye aliyembana Seyyid Barghash atie saini ule mkataba wa Juni 1873 wa kufunga soko lenyewe. Bibi yangu alikuwa akisema jina lake kama jina la mpangaji aliyekataa kuhama: Bwana Kirki.

#14 Kijiwe cha Juu

Bi Mkunazini shikamoo. Hii ya Steere kufika Zanzibar kwa sababu meli ilikwama Shire sikuijua. Mkuu, malizia. Nasikia kulikuwa na meli nyingine, ya kuwekwa ziwani, hiyo ilikwisha vipi?

#15 Mwananyasa

Marahaba nimwachie Bi Mkunazini.

Lady Nyassa. Hii aliinunua kwa fedha zake, pauni 6,000 hivi, karibu yote aliyoyapata kwenye kitabu. Ililetwa vipande vipande, ikaungwa Shupanga, ikashushwa majini Juni 1862, wiki chache baada ya kumzika Mary karibu na hapo. Ilikuwa ifunguliwe tena, ibebwe kuyapita maporomoko ya Murchison, iwekwe Ziwa Nyasa ipambane na majahazi ya watumwa. Haikufika. Julai 1863 barua ya Lord Russell, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, ikafika: msafara umefutwa, rudini.

Wareno wangeinunua, lakini alijua wangeifanyia biashara ipi. Akaileta Zanzibar Aprili 1864, hakupata mnunuzi wa kumridhisha. Ndipo akafanya jambo ambalo hata ukimchukia utalivulia kofia: tarehe 30 Aprili aliipeleka Bombay yeye mwenyewe, meli ya ziwani, makaa tani 14 tu, nahodha ni yeye. Ndani walikuwemo Wazungu watatu, wanaume saba wa Zambezi ambao hawakuwa wameiona bahari kabla, na vijana wawili, Chuma na Wekatani. Upepo ukalala wiki nzima nzima, kisha masika ya Bahari ya Hindi yakaanza kuwachapa. Siku 45. Waliingia bandari ya Bombay tarehe 13 Juni, na chombo kilikuwa kidogo hivi kwamba hakuna aliyewaona wakiingia.

Iliuzwa pauni 2,300. Fedha akaziweka benki huko huko India. Benki ikafilisika.

Na yule Robert, mtoto aliyeipa ile meli ya kwanza jina? Alimfuata baba yake Afrika akashindwa kumfikia, akaishia Marekani, akajiandikisha jeshi la Kaskazini kwa jina la uongo, akafa mfungwa huko North Carolina Desemba 1864.

#16 Pilipili Kichaa

Hapo kwa mtoto umenikamata. Narudisha kalamu ya tiki.

#17 Fundi Boila

Meli ya ziwa kuvuka Bahari ya Hindi kwenye masika. Yaani mtu huyu vyombo vibovu alipewa na serikali, kizuri akakinunua mwenyewe na hakikufika kazini.

#18 Tandu la Lami

Wakuu nimetoka kushusha mzigo, nimeusoma wote nikiwa kwenye foleni ya mpakani. Hiyo Kebrabasa si ndiyo Cahora Bassa? Wareno walijenga bwawa pale, likaanza kujaa 1974. Sehemu kubwa ya lile bonde la mawe iko chini ya maji sasa, umeme unakwenda mpaka Afrika Kusini. Nilishawahi kufika Songo kuona ukuta, na juu ya ziwa usiku unaona taa za boti za wavuvi wa kapenta, nyingi kama mtaa. Zinapita hapo juu bila kugusa jiwe.